Gati la faranga moja: Wabelgiji katika bandari ya Dar es Salaam

Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wa pango ulikuwa milele. Kwa masharti hayo, tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliikabidhi Ubelgiji kipande cha bandari ya Dar es Salaam na kingine Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Maeneo hayo yalikuja kujulikana kwa jina la Belbase. Hakuna Mtanganyika aliyeulizwa.

Chanzo chake ni reli na vita. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma 1914, na tangu hapo bandari ikawa mlango wa watu walio mbali kabisa na bahari. Hata meli ilipita humo ikiwa shehena. Graf von Goetzen, ambayo sisi tunaijua kama MV Liemba, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikashushwa Dar na kupandishwa treni hadi ziwani. Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walizamisha chelezo chao kwenye lango la bandari ili adui asiingie. Kumbe adui mwingine alikuwa anakuja kwa nyuma. Askari wa Kongo ya Ubelgiji waliichukua Kigoma Julai 1916, na Septemba wakaingia Tabora.

Waliokwisha kufika Tabora hawakukubali kurudi mikono mitupu. Mwafaka wa mwaka 1919 kati ya Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji uliwaachia Ruanda-Urundi, nao wakaendelea kudai njia ya kwenda baharini. Mkataba wa 1921 ukawapa: mizigo ya makoloni yao ipite Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha, mabehewa yakiwa yamepigwa lakiri, na wao wenyewe waishughulikie kwenye ncha zote mbili za reli.

Msomaji asidhani bandari yenyewe ilifanana na ya leo. Hadi katikati ya miaka ya 1950, meli kubwa hazikuweza kufunga ukutani. Zilitia nanga ndani ya hori, winchi zikateremsha mzigo kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi nchi kavu, na hapo makuli wakaubeba. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa: meli isipokuja, hakuna chakula. Wanaoandika habari za mikataba huwasahau watu hawa, ilhali ndio waliokuwa bandari. Septemba 1947 waligoma, na mgomo ukafuata reli hadi miji ya bara.

Waingereza walipoamua kujenga magati ya kina kirefu, Belbase nayo ilipaswa kuhama. Makubaliano mapya ya mwaka 1951 yaliwapa Wabelgiji sehemu nyingine, nao wakachangia gharama za ujenzi. Magati matatu yalifunguliwa 1956, na Princess Margaret alikuja kwa sherehe hiyo. Neno milele lilibaki pale pale.

Aliyeligusa ni Mwalimu Nyerere. Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, akiwa Waziri Mkuu, alilieleza Bunge kwamba Tanganyika haitarithi mikataba ya mkoloni bila kuichambua. Ile ya nchi mbili ingeheshimiwa kwa miaka miwili, muda wa kuamua ipi ibaki na ipi ife. Belbase aliitenga kabisa. Uingereza iliishika Tanganyika kwa dhamana, kwanza ya Shirikisho la Mataifa, kisha ya Umoja wa Mataifa, na mpangaji hawezi kumpangisha mwingine nyumba kwa muda unaozidi muda wake mwenyewe. Vitabu vya sheria za kimataifa bado vinaujadili msimamo wa Nyerere kuhusu mikataba kwa jina lake.

Kilichokataliwa ni umilele, kupita hakukukataliwa. Majirani waliendelea kupitisha mizigo, na hadi leo Burundi, Rwanda, Kongo na Zambia zinaitegemea Dar es Salaam. Kwa maoni yangu hapo ndipo Mwalimu alipotenganisha vizuri mambo mawili ambayo mkataba wa 1921 uliyachanganya: haki ya jirani kufika baharini, na haki ya mwenye bandari kujua lini mkataba unakwisha.

Juni 2023, Bunge lilipoidhinisha makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, moja ya hoja zilizopigiwa kelele zaidi ni kwamba hayakutaja kikomo. Wapo walioziita kelele hizo siasa tupu. Mimi naona zilikuwa swali la zamani, na lilistahili jibu. Oktoba mwaka huo mikataba ya uendeshaji na DP World, kampuni ya Dubai, ilipotiwa saini, muda ulitajwa: miaka 30, na utendaji kupimwa kila baada ya miaka mitano.