Kukesha si Kupanga

Lori la mboga linaposhuka usiku kutoka Mgwashi kuelekea Mombo, dereva anahitaji zaidi ya macho makavu. Anahitaji kushika akilini kona inayofuata, kubadili mpango ghafla na kuuzuia mguu usikanyage mafuta. Kazi hizo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, na sehemu hiyo hutegemea dopamini. Wapo wanaoamini kwamba mirungi, ingawa imekatazwa na sheria ya Tanzania, huongeza uwezo huo.

Mmea wenyewe huota porini hata katika misitu ya Usambara. Wauzaji wa Meru, Kenya, hufunga vichipukizi kwa majani ya mgomba, kwa kuwa wanajua mirungi ikinyauka imekwisha nguvu. Kemia ilichelewa kuwafikia. Wanasayansi walichunguza majani makavu kwa miaka mingi, hadi mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilipopata kathinoni katika majani mabichi. Kemikali hiyo huzifanya seli za neva zimwage dopamini, na huharibika jani linapokauka.

Dopamini nayo ilikuwa imedharauliwa. Mwaka 1957, nchini Sweden, Arvid Carlsson aliwapa sungura reserpini wakalegea. Alipowadunga dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliondoa dopamini katika sehemu ya mbele ya ubongo wa kima. Baada ya sekunde chache tu, kima hao walishindwa kukumbuka upande waliouchagua mwanzo.

Je, ikiongezwa kwa mtu mwenye afya? Mwaka 1997 Daniel Kimberg na wenzake waliwapa vijana wazima bromokriptini, dawa inayoiga dopamini. Waliokuwa na uwezo mdogo wa kushika mambo akilini walifanya vizuri zaidi. Waliokuwa na uwezo mkubwa walishuka.

Historia hii inafundisha kiasi. Ubongo mzima una kipimo chake: pungufu hudhuru, na ziada pia. Mwaka 2011 Lorenza Colzato na wenzake waliwapima watumiaji wa muda mrefu wa mirungi, wakaona wanachelewa kuzuia tendo walilokwisha kulianza. Jani linaweza kufukuza usingizi. Breki ya akili ni jambo jingine, na barabara ya milimani huidai breki hiyo kila kona.