Stesheni Yenye Mlango Mwembamba

Leo tunazungumza habari za stesheni ya King's Cross, mjini London, Uingereza.

Stesheni hiyo ilifunguliwa tarehe 14 Oktoba 1852. Aliyeichora, Lewis Cubitt, aliipa mapaa mawili makubwa na majukwaa mawili tu. Jukwaa ni ule ukingo ulioinuliwa, ambapo wasafiri hupanda na kushuka. Jukwaa la magharibi lilikuwa la kuondokea, na la mashariki la kufikia. Katikati palikuwa na reli za kuwekea mabehewa matupu.

Baadaye watu wengi walihamia nje ya mji, wakawa wanakuja kazini kila siku kwa gari la moshi. Basi mahali pa mabehewa matupu pakajengwa majukwaa mengine.

Je, shida iliisha? La! Kila gari lililotoka au kuingia lilipita katika handaki moja, chini ya mfereji wa maji, lenye reli mbili tu. Fikiri nyumba yenye vyumba vingi na mlango mmoja mwembamba: watu watasongamana mlangoni. Ndipo likachimbwa handaki la pili, mwaka 1878, na la tatu, mwaka 1892. Mwaka 1977 handaki moja liliachwa; mwaka 2021 likarudishiwa reli, kwa kuwa njia ilihitajika tena.

Sasa chukueni kalamu, mjibu: Kwa nini kuongeza majukwaa peke yake hakukutosha?