Majina ya Ajabu na Desturi ya Kuwapa Watoto Majina

Mara nyingi walimu na mapadre huulizana neno hili: Je, yafaa mzazi kumpa mwanawe jina la ajabu, yaani jina lisilozoeleka, au lenye maana ya huzuni, au lililotoka mbali hata jirani hawawezi kulitamka? Wengine hujibu upesi kwamba haifai kabisa, na ya kuwa kazi ya mwalimu ni kulifuta jina kama hilo katika daftari na kuandika jingine. Wengine husema kwamba jina ni mali ya mzazi, wala mtu mwingine hana neno. Majibu hayo yote mawili yana haraka. Jambo lenyewe ni la zamani sana, na kabla ya kuamua yatupasa kutazama majina hayo yalitoka wapi, na yalikuwa na kazi gani kwa watu walioyatoa.

I. Jina la ajabu ni lipi?

Kwanza tujue ya kuwa ajabu ya jina haimo katika jina lenyewe, imo katika masikio ya msikiaji. Mtu mgeni akisikia Kulwa na Doto huenda akashangaa. Kumbe kwa Wasukuma na Wanyamwezi hayo ni majina ya mapacha, Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa na Doto ndiye aliyefuata. Waganda huwaita mapacha wa kiume Wasswa na Kato, na wa kike Babirye na Nakato, na mtoto awafuataye mapacha huitwa Kizza. Wajaluo huwaita Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo wakiwa wa kike, na awafuataye ni Okello au Akello. Majina hayo hayachaguliwi na mtu. Mtoto huja nayo kutoka tumboni.

Wajaluo tena hutazama saa ya kuzaliwa: Otieno ni wa usiku, Ochieng' ni wa jua la mchana, Okoth ni wa mvua. Watu wa pwani nao hufanya vivyo hivyo. Wako akina Juma na Khamisi kwa siku zao, akina Rajabu, Shabani na Ramadhani kwa miezi yao, Chausiku aliyezaliwa usiku, Mwamvua aliyezaliwa wakati wa mvua, na akina Pili na Tatu kwa jinsi walivyofuatana. Wakikuyu hurudisha majina ya wazee: mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama.

Basi katika desturi hizi zote mzazi hakukaa kutafuta neno tamu. Aliuliza, Mtoto huyu amekuja lini? Amekuja kwa njia gani? Amemrudisha nani? Kwa watu wasioandika, jina lilikuwa kalenda, tena lilikuwa kitabu cha ukoo.

II. Majina ya huzuni, ya mafumbo, na ya kinga

Lakini yako majina mengine yanayotushtua hata sisi wenyewe tuliozaliwa katika nchi hii. Mwalimu afunguapo daftari atayakuta: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Matatizo, Sikujua, Sikudhani, Semeni. Mgeni hudhani ya kwamba wazazi waliwachukia watoto hawa. Sivyo hata kidogo. Tukiyachungua tutaona ya kuwa yamegawanyika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni majina ya ukumbusho. Mtoto alizaliwa wakati wa njaa, au baba yake amekufa, au mama yake alikuwa katika uchungu siku nyingi. Jina huyaweka mambo hayo yasisahauliwe. Mtu aitwaye Tabu hakuitwa hivyo kwa kuwa yeye ni tabu kwa watu. Ameitwa kwa kuwa alivuka katika tabu akafika.

Fungu la pili ni majina ya mafumbo. Semeni ni neno la mama kwa majirani waliokuwa wakimsengenya: semeni mpendavyo, mtoto nimempata. Sikudhani ni neno la mtu aliyetendwa asivyotazamia, kwa wema au kwa ubaya. Katika nyumba nyingi mwanamke hakuwa na nafasi ya kunena mbele ya wazee barazani. Lakini neno alilolitia katika jina la mtoto lilitamkwa na kila mtu kila siku, hata na yule aliyelengwa nalo. Hii ilikuwa silaha ya mnyonge, nayo ilikuwa kali. Walakini aliyeibeba hakuwa mama, alikuwa mtoto.

Fungu la tatu ni majina ya kinga. Mama aliyefiwa na watoto wawili au watatu huogopa kumpa wa nne jina zuri. Humpa jina la kitu kinachodharauliwa, ili kifo kimwone kuwa si kitu, kimpite. Kwa Wakamba jina Mbiti maana yake ni fisi, na kwa mapokeo yao hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa. Mmoja aliyelichukua jina hilo ni John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 akafa mwaka 2019, padre wa Kianglikana na mwalimu mkubwa wa elimu ya dini, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Waafrika kimesomwa katika vyuo vya nchi nyingi. Fisi wa Ukamba hakumharibia kitu. Na sasa mtu akilitaja jina lile hamkumbuki mnyama, amkumbuka mtu.

III. Maandiko na Kanisa la kale

Wako wasemao kwamba majina ya namna hii ni ya ushenzi. Na wafungue Biblia. Mke wa Finehasi, akiwa karibu na kufa, alimwita mwanawe Ikabodi, kwa sababu utukufu umeondoka katika Israeli. Mama yake Yabesi alimpa jina la huzuni kwa kuwa alimzaa kwa huzuni. Nabii Hosea aliambiwa awaite watoto wake Lo-ruhama na Lo-ami, yaani asiyehurumiwa, na si watu wangu. Isaya naye mwanawe aliitwa Maher-shalal-hash-bazi, jina ambalo hata sisi wasomaji wa kanisani hulisoma kwa kusitasita.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Raheli alipokuwa anakufa alimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo, ijapokuwa alimpenda Raheli kuliko wote, hakukubali mtoto abebe uchungu ule maisha yake yote, akamwita Benyamini. Yabesi naye alimwomba Mungu jina lake lisimtimilie, akasikiwa. Kwa hiyo tunayaona mambo mawili katika kitabu kile kile: mzazi anaweza kulia kwa jina la mwanawe, na mtoto ana haki ya kuondolewa kilio hicho.

Tena habari za Zakaria na Elisabeti zatufundisha jambo jingine. Majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, wakapinga jina Yohana kwa kuwa hapakuwa na mtu wa jamaa yao aliyeitwa hivyo. Yohana, jina ambalo leo ni la kawaida mno, kwa ukoo ule lilikuwa jina la ajabu.

Hata Wakristo wa kwanza hawakuyatupa majina yao ya zamani. Apolo, Fibi, Herme na Dionisio, tunaowasoma katika Agano Jipya, wote majina yao yana asili katika miungu ya Wayunani. Hatusomi popote ya kwamba Mtume Paulo aliwaambia wayabadili. Baadaye, katika karne ya 3, Dionisio askofu wa Aleksandria aliandika kwamba waaminio wengi walikuwa wakiwaita watoto wao Paulo na Petro. Na katika karne ya 4 Yohana Krisostomo aliwahimiza wazazi kuchagua majina ya watakatifu kuliko majina ya mababu. Desturi ilikua polepole, kwa mapenzi ya watu.

IV. Majina ya ubatizo katika nchi zetu

Misheni zilipokuja, ubatizo ulifungamana na jina jipya. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwaagiza mapadre wahakikishe kwamba mtoto anapewa jina la Kikristo; na wazazi wakikataa, padre aongeze jina la mtakatifu juu ya jina lao, ayaandike yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Sheria mpya ya mwaka 1983 imelegeza: yataka tu lisitolewe jina lililo geni kwa fikira za Kikristo.

Watu wetu walilipokea jambo hili kwa namna nyingi. Cecil Majaliwa, mtumwa aliyekombolewa, alipewa upadre Unguja mwaka 1890, naye aliyachukua majina yote mawili, moja la Kiingereza na moja la Kiswahili. Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922 mvua ikinyesha, aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Alipobatizwa mwaka 1943 akaongeza Julius, asilitupe la kwanza. Husimuliwa kwamba Kamau wa Ngengi, alipobatizwa mwaka 1914 katika misheni ya Waskoti huko Thogoto, alitaka kuitwa John Peter. Akaambiwa achague moja. Akajitungia Johnstone, maana Petro ni mwamba, na stone kwa Kiingereza ni jiwe. Ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Jomo Kenyatta.

Kwa Waluteri wa Kilimanjaro, Meru na Upare kulizaliwa majina mapya kabisa yenye Eli ndani yake, kama Elisante na Elifuraha. Wanyakyusa wana Atupele, maana ametupa, na Tusajigwe, maana tumebarikiwa. Upendo, Neema, Imani na Tumaini nayo yamekuwa majina ya watu, na leo hakuna ashangaaye.

Lakini habari itufundishayo kuliko zote yatoka Uganda. Kijana mmoja, Waswa, aliyezaliwa pacha, alibatizwa mwaka 1895 akachukua jina Apolo. Watu wakamwita tena Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti jekundu alilovaa. Ndiye Kanoni Apolo Kivebulaya, mhubiri wa Mboga katika Kongo, aliyekufa mwaka 1933. Tazama basi: aliacha jina la pacha, lisilo na ubaya, akachukua jina ambalo asili yake ni mungu wa Wayunani, na juu yake jina la mzaha. Yote matatu yakawa ya heshima kwa sababu ya mtu aliyeyabeba.

Vivyo hivyo Mukasa, kwa Waganda wa kale, ni jina la mzimu mkuu wa ziwa la Viktoria Nyanza. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1885. Karoli Lwanga na kijana Kizito walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wote walitangazwa kuwa watakatifu mwaka 1964. Leo watoto wa Kenya na Tanzania hubatizwa Kizito na Lwanga, na padre hana swali. Jina la nyumbani limekuwa jina la madhabahuni.

V. Serikali zilipoingia

Ziko nchi zilizotaka kulimaliza neno hili kwa sheria. Ufaransa, mwaka 1803, iliamuru kwamba mtoto asipewe jina ila lililomo katika kalenda, au la watu mashuhuri wa historia ya kale. Sheria ile ilidumu, pamoja na kulegezwa mwaka 1966, hata mwaka 1993. Sasa mzazi huchagua apendavyo. Lakini jina likimdhuru mtoto, jaji aweza kuliondoa.

Kongo ilikwenda upande wa pili. Mwaka 1972 Rais Mobutu, aliyekwisha kuigeuza nchi jina ikawa Zaire, aliyakataza majina ya Kikristo, na padre atakayembatiza mtoto kwa jina la Ulaya alitishwa kifungo. Kardinali Malula alipinga, akaondoka nchini kwa muda. Watu wakayaficha majina yao ya ubatizo nyumbani, na katika miaka ya 1990 yakarudi hadharani. Ufaransa ilikataza yasiyo ya kalenda, Zaire ikakataza ya kalenda. Nazo zote mbili zilishindwa, kwa maana jina hukaa kinywani mwa mama kabla halijafika katika karatasi ya karani.

VI. Shauri

Sasa turudi kwenye swali letu. Nionavyo mimi, ugeni wa jina si kosa. Kama ungekuwa kosa, Yohana asingeitwa Yohana. Wala maana ya huzuni si kosa kila mara, maana iko huzuni iliyo shukrani. Kosa liko mahali pamoja tu: mzazi anapomtumia mtoto kuwa barua ya ugomvi wake, au pambo la majivuno yake. Jina la kumchoma mke mwenza, na jina lililookotwa katika nyimbo au michezo ya mbali kwa kuwa lina sauti ya kupendeza, yana ubaya mmoja, ingawa moja ni la zamani na jingine ni la leo: yote mawili hayakumfikiri mtoto.

Kwa hiyo mwalimu au padre akiletewa jina la kumshangaza, na aulize maneno matatu. La kwanza, Jina hili lina habari gani? Aghalabu atasikia habari ya kifo, au ya njaa, au ya babu, na mshangao wake utaisha. La pili, Mtoto akiwa mtu mzima, akiitwa kwa jina hili mbele ya watu, ataweza kuitika bila kuinamisha kichwa? La tatu, Watu wa kwao watalitamka?

Mzazi akishindwa kujibu la pili, tufanye kama Yakobo: tusimkemee mama, bali tumsaidie kupata jina jingine lenye habari ile ile. Badala ya Matatizo, Faraja. Badala ya Mashaka, Tumaini. Lakini mwalimu asilifute jina peke yake kwa kalamu yake, kwa kuwa limemchekesha au limemshinda kuandika. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Na mtoto akifutiwa jina siku ya kwanza ya shule, hujifunza kwamba nyumba aliyotoka haina neno la maana, kabla hajajifunza kusoma.

Na yule ambaye amekwisha kua na jina zito, tusimhurumie kupita kiasi. Wahenga wasema tena, Jina jema hung'aa gizani. Wala hawakuwa wakinena juu ya herufi zake. Mbiti alikuwa fisi, na Kivebulaya kitu cha Ulaya, na Mukasa mzimu wa ziwa. Kazi yetu katika shule ni kumwita Shida kwa heshima ile ile tumwitayo Petro, ili wenzake nao wapate kujifunza kumwita hivyo.