Kimya cha nani? Miaka hamsini ya ugomvi wa kelele kwenye njia za theluji

Anayelala ndani ya kibanda cha turubai anajua jambo ambalo mwenye nyumba ya matofali hulisahau kwa urahisi: kelele haibishi hodi. Ua wa miti huzuia mbuzi, mfereji huzuia maji ya mvua, lakini muziki wa baa ya jirani na pikipiki ya saa nane za usiku huingia bila ruhusa. Ndiyo maana ugomvi wa kelele ni mgumu kuliko ugomvi wa mpaka wa shamba. Shamba hupimwa kwa kamba. Kelele itapimwa kwa nini, na nani atasema kwamba imezidi?

Swali hilo liliwahi kufika mbele ya majaji nchini Marekani, likazunguka kutoka mahakama moja hadi nyingine kwa miaka mingi. Mahali penyewe ni mbuga ya taifa ya Yellowstone. Upande mmoja walikuwapo watu wanaokuja kujifurahisha kwa pikipiki za theluji. Upande wa pili walikuwapo wanaotembea kwa miguu kwenye njia zilezile, wafanyakazi wa mbuga, wanyama, na wafugaji wa maeneo ya jirani. Kati yao ulikuwapo mji mdogo uliokuwa unakula kutokana na pikipiki hizo.

Mashine iliyozaliwa katika msiba

Kwetu theluji huonekana kwa mbali tu, juu ya vilele vya mlima Ruwenzori. Kule Kanada na kaskazini ya Marekani huanguka hadi mlangoni na kufunga barabara kwa miezi. Katika baridi ya mwaka 1934, katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec, mtoto mdogo wa fundi wa magari aitwaye Joseph-Armand Bombardier alishikwa na ugonjwa uliohitaji hospitali. Barabara zilikuwa zimefungwa na theluji. Mtoto akafa.

Wakaaji wa Shabunda au Walikale, wanaojua maana ya kumbeba mgonjwa kwenye tipoyi kwa sababu gari haliwezi kupita, hawahitaji kuelezwa zaidi. Bombardier alikuwa tayari akijaribu kutengeneza gari la kutembea juu ya theluji. Kunako 1937 alipata hati ya uvumbuzi ya gari lenye mnyororo badala ya magurudumu ya nyuma, linalobeba watu saba. Lilitumika kubeba wagonjwa, waganga, barua na wanafunzi.

Mwaka 1959 kampuni yake ilitoa mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili, iliyoitwa Ski-Doo. Ilikuwa nyepesi, yenye mbio, na bei yake iliwezekana kwa watu wengi. Baada ya miaka michache wanunuzi wengi hawakuwa tena waganga wala wawindaji, bali watu wa mjini wanaotafuta raha ya Jumamosi. Kifaa kilichotafutwa kwa ajili ya kuokoa maisha kikawa kifaa cha mchezo, na hapo ndipo majirani walipoanza kulalamika.

Kutoka pikipiki 6 hadi mamia kwa siku

Yellowstone iliundwa tarehe 1 mwezi wa tatu 1872, na huhesabiwa kuwa mbuga ya taifa ya kwanza duniani. Ina chemchemi za maji moto kwa maelfu, mfano wa zile za May ya Moto katika Rutshuru, na nyingine hurusha maji juu kwa nguvu. Iliyo maarufu zaidi huitwa Old Faithful. Watu huketi kuingojea, na kabla maji hayajaruka husikika kwanza mnguruno wake chini ya ardhi.

Wakati wa baridi barabara nyingi za mbuga hufunikwa na theluji na magari ya kawaida hayapiti. Mwaka 1963 pikipiki za kwanza za theluji ziliruhusiwa kuingia: zilikuwa 6. Mwishoni mwa miaka hiyo wakuu wa mbuga waliamua kutosafisha barabara kwa ajili ya magari, bali kuziachia mashine za theluji. Mwaka 1971 walianza kulainisha theluji barabarani, na nyumba ya wageni karibu na Old Faithful ikafunguliwa hata wakati wa baridi. Njia ikawa nzuri, wageni wakaongezeka. Katika miaka ya 1990 ziliingia karibu pikipiki 800 kwa siku kwa wastani, na siku za kilele zilipita 1,000.

Injini zake nyingi zilikuwa za aina ile ya zamani inayochoma mafuta ya kulainishia pamoja na petroli, kama pikipiki zilizokuwa zikitoa moshi wa buluu katika barabara zetu. Moshi ulikuwa mzito hata hewa safi ikabidi isukumwe kwa mashine ndani ya vibanda vya mlango wa magharibi, ili walinzi wanaokata tiketi wapumue. Kelele nayo ilisafiri. Katika baridi kali, asubuhi isiyo na upepo, hewa ya chini huwa nzito na ya baridi kuliko ya juu, na sauti hupinda kurudi ardhini badala ya kupotea angani. Mtu anayetembea peke yake kilomita kadhaa kutoka barabarani alisikia injini asiyoiona.

Sheria iliyokuwa imeandikwa mapema

Jambo la kushangaza ni kwamba kanuni ilikuwapo zamani. Tarehe 8 mwezi wa pili 1972, Rais Richard Nixon alitia sahihi amri namba 11644 kuhusu vyombo vya moto vinavyotembea nje ya barabara kwenye ardhi ya serikali, na theluji ilitajwa humo. Amri iliagiza kila idara ichague njia zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Iliagiza pia kupunguza ugomvi kati ya wenye vyombo hivyo na watumiaji wengine wa ardhi hiyo au ya jirani, na kuangalia hali ya sehemu zinazokaliwa na watu, kelele ikiwemo. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akaongeza nguvu: mkuu anayeona njia inaleta uharibifu mkubwa aifunge mara moja.

Mwaka huohuo wa 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti kelele. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ofisi iliyopewa kazi hiyo ilinyimwa fedha, ikafungwa. Sheria ikabaki kwenye karatasi bila mtu wa kuisimamia. Msikilizaji wa Kivu anaifahamu hali hiyo: amri dhidi ya makelele ya usiku haikosekani, anayekosekana ni wa kuitekeleza.

Kesi iliyoingia kupitia nyati

Mlango wa mahakama haukufunguliwa na kelele. Baridi ya 1996 hadi 1997 ilikuwa kali sana. Nyati wa Yellowstone walitoka mbugani kutafuta majani, na zaidi ya 1,000 waliuawa katika jimbo la Montana, kwa kuwa wafugaji waliogopa ng'ombe wao wataambukizwa ugonjwa wa kutupa mimba. Shirika la kutetea wanyama lilishtaki serikali mwaka 1997. Lilisema kwamba njia zilizolainishwa kwa ajili ya pikipiki ziliwapa nyati barabara rahisi ya kutokea. Serikali ikakubali kufanya uchunguzi, na uchunguzi ulipofanywa, moshi na kelele vikawa katikati ya ugomvi.

Mwishoni mwa 2000, serikali ya Bill Clinton iliamua pikipiki ziondolewe hatua kwa hatua. Watengenezaji wakaenda mahakamani. Mwaka 2001, chini ya George W. Bush, serikali ikakubaliana nao kufanya uchunguzi mpya, na mwaka 2003 ikaruhusu pikipiki 950 kwa siku. Katika mwezi wa kumi na mbili 2003, jaji wa Washington akaivunja ruhusa hiyo na kurudisha katazo. Miezi miwili baadaye, jaji wa jimbo la Wyoming akalizuia katazo lenyewe. Amri mbili za mahakama zikawa zinavutana juu ya njia ileile.

Waliobaki katikati walikuwa wakaaji wa West Yellowstone, mji mdogo kwenye mlango wa magharibi. Kule baridi ilimaanisha kukodisha pikipiki, kuuza chakula na kulaza wageni. Mwenye hoteli alijiuliza kama afungue au afukuze wafanyakazi. Si haki kumwita adui wa kimya. Alikuwa anatetea mkate wake. Na mlinzi aliyetaka moshi na kelele vipungue hakuwa adui wa mkate, bali alikuwa anatetea mapafu yake.

Kilicholeta masikilizano

Ufumbuzi ulianza pale kelele ilipopimwa. Wataalamu waliweka vinasa sauti mbugani na kuuliza maswali mawili: kelele ni kubwa kiasi gani, na inasikika kwa sehemu gani ya siku? Ukubwa hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama pesa. Zikiongezeka 10, sikio huona kelele imekuwa karibu mara mbili. Ukienda mbali mara mbili na mashine moja mahali pa wazi, hupungua kama 6 tu.

Swali la pili ndilo lililofungua akili. Pikipiki kumi zikipita moja moja asubuhi nzima, kimya hakirudi. Zikipita pamoja nyuma ya kiongozi mmoja, kelele huja, hupita, na nafasi ya kusikia mbuga hubaki. Hivyo wageni walilazimishwa kuongozana na kiongozi na kutumia injini mpya zenye moshi na kelele kidogo. Baada ya kesi nyingine na maoni kwa mamia ya maelfu kutoka kwa raia, mpango wa 2013 uliacha kuhesabu pikipiki peke yake, ukaanza kuhesabu misafara: isizidi 110 kwa siku, ya pikipiki au ya magari ya theluji. Msafara wa pikipiki wa biashara usizidi 10. Kelele ya pikipiki ikawekewa kikomo cha desibeli 67.

Hakuna aliyepata yote. Mji ulibaki na kazi, mtembea kwa miguu alipata saa zake za kimya, na mchezaji alibaki na njia yake chini ya masharti.

Wasioitwa mezani

Historia hii ina ukurasa mwingine, na familia za wahami zina haki ya kuusoma. Kimya kilichogombewa mahakamani hakikuwa kitupu tangu mwanzo. Kabla ya 1872 watu wa makabila ya Shoshone, Bannock, Crow na mengine waliishi, waliwinda na walipita katika milima ile. Baada ya mbuga kuundwa waliondolewa ili wageni waione nchi kana kwamba haijawahi kuwa na mtu. Wakati wao hapakuwa na uchunguzi wala barua za maoni.

Mfano huo ulifika hadi kwetu. Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alizuru Marekani na kuona mbuga zake za taifa. Tarehe 21 mwezi wa nne 1925 iliundwa mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika. Ilipopanuliwa, wakulima na wafugaji walipoteza ardhi, na ugomvi wa mipaka yake haujaisha mpaka leo.

Katika Virunga, usalama uliporuhusu, wageni walikwenda kuwaona sokwe kwa makundi madogo, kwa saa moja, wakiongea kwa sauti ya chini. Kanuni hiyo inamlinda sokwe, na ni nzuri. Lakini masikio yaliyo kando ya njia si ya sokwe peke yake. Yapo ya mama anayelima ukingoni mwa mbuga, ya mtoto anayesoma darasani, ya mhami ambaye mlio wa ghafla wa injini humkumbusha usiku aliokimbia kijiji chake.

Siku njia zile zitakapofunguliwa tena, na wageni wakarudi na magari na vyombo vyao, mahali pa kuanzia panajulikana: hesabu ya misafara, saa za kupita, na kipimo cha kelele. Yellowstone ilichelewa kuvifikia kwa sababu ilianza na mgeni, ikamalizia na jirani. Hapa kazi inaweza kuanza upande wa pili, kwa kumuuliza jirani kwanza, akiwemo yule ambaye leo bado yuko chini ya turubai, mbali na shamba lake.