Habari za Utumwa: Nani Aliyetajwa Jina?

Wasikilizaji wetu, mwaka wa 1688 mwanamke Mwingereza, Aphra Behn, alitoa mjini London kitabu chembamba kiitwacho Oroonoko. Ni hadithi ya mwana wa mfalme katika pwani ya nchi iitwayo leo Ghana. Oroonoko naye alikuwa akiwauza mateka wake wa vita kwa nahodha Mwingereza. Siku moja nahodha yule akamwalika karamu merikebuni, akamlevya, akamtia minyororo, akaenda kumwuza Surinam. Huko akaondolewa hata jina lake, akaitwa Caesar. Akaongoza maasi, akashindwa, akauawa kikatili.

Sisi tukaao Olbalbal, bonde lipokealo maji ya korongo la Olduvai, hadithi hii yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa mambo ya kutoa watu kwa bei hayakuwa mbali nasi. Sotoka ilipowamaliza ng'ombe wa Wamasai, njaa ilifuata. Mwaka wa 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alifika katika kreta ya Ngorongoro, hapo juu yetu. Aliandika kwamba wazazi wenye njaa walimtolea watoto wao ili wapate vipande vya nyama. Watoto wale hatuwajui kwa majina.

Hapo ndipo penye fundisho. Behn anamlilia Oroonoko kwa kuwa ni mwana wa mfalme, mzuri wa umbo na mjuzi wa lugha za Ulaya. Bali mateka aliowauza Oroonoko mwenyewe wapita kitabuni kama shehena tu. Huruma ya mwandishi ni ya kweli, lakini mlango wake ni mwembamba.

Tukitazame na kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934. Mbotela alikuwa mtu wa Frere Town, kijiji cha watumwa waliofunguliwa, karibu na Mombasa. Sifa awapazo Waingereza waliowaokoa zimezidi kiasi. Walakini waliouzwa, kwake yeye, ni jamaa zake mwenyewe, si wageni wa kuhesabiwa.

Basi, kila tusomapo habari za utumwa, tuulize: ni nani aliyepewa jina, na ni nani aliyehesabiwa tu? Watoto wa Ngorongoro hawakuandikiwa kitabu. Yatupasa kuwauliza wazee wetu yale waliyopokea kwa baba zao juu ya miaka ile, tuyaandike kabla hayajapotea.