Saketi ya kusimamisha mashine kwa dharura

Saketi ya dharura ni mpangilio wa waya unaokomesha mwendo wa hatari mara tu kitufe chekundu chenye bamba la manjano kinapobonyezwa. Katika Gikomba, Nairobi, ambako karakana za mbao na chuma zimebanana na cherehani za viwandani, suala hili lina uzito mpya kwa sababu mota za servo zinachukua nafasi ya mota za klachi kwenye cherehani, na mota za jamii hiyohiyo huendesha mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Mafundi wengi wa stima hukifanya kitufe kikate umeme wote unaoingia, wakiamini kwamba pasipo umeme hapana mwendo. Kwa mota ya servo, imani hiyo ina kasoro kubwa. Draivu, yaani kifaa kinachoiendesha mota hiyo, inayolishwa volti 240 huhifadhi takriban volti 340 za mkondo mnyoofu ndani ya kapasita zake, hata baada ya umeme kukatwa. Stima ikikatwa ghafla, uwezo wa kuifunga mota breki hupotea pia, na kisu kizito huendelea kuzunguka kwa kasi yake. Mhimili wa wima usio na breki unaweza hata kuanguka.

Kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1 kinaruhusu njia mbili za kusimama kwa dharura: kuondoa nguvu papo hapo, au kuipunguza mashine kasi kwanza kisha kuondoa nguvu. Mhimili mwepesi wa mlalo unatoshwa na njia ya kwanza. Penye uzito, njia ya pili ndiyo salama: rilei ya usalama huiamuru draivu ifunge breki, na baada ya muda mfupi huondoa nguvu ya kuzungusha kupitia viingilio vya usalama vya draivu yenyewe. Muda huo hupimwa mashine ikiwa na mzigo mzito kabisa na kasi ya juu kabisa. Kuukisia ni hatari.

Wapo wanaosema kompyuta ya mashine inaweza kuachiwa kazi hiyo. Lakini programu hukwama, na hukwama hasa mambo yanapoharibika. Waya wa kitufe lazima ufike kwenye rilei bila kuitegemea kompyuta hiyo. Pingamizi la gharama lina haki zaidi, kwani rilei ya usalama ni ghali kwa karakana ndogo. Hata hivyo, hatua muhimu kuliko zote haihitaji pesa: kutumia kontakti ya kitufe ambayo hukaa imefungwa na kufunguka kitufe kinapobonyezwa. Waya ukikatika, mashine husimama yenyewe. Ikiwa kontakti ni ya kinyume chake, waya uliokatika hautajulikana mpaka siku mkono wa mtu umeshanaswa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa usalama wa mashine, awe na kiwanda au kibanda. Na kwa kuwa stima hupotea mara kwa mara, saketi iungwe hivi kwamba umeme ukirudi, au kitufe kikiachiliwa, mashine isianze mpaka mtu aiwashe kwa makusudi.