Nukuu katika Habari: Thamani na Hatari ya Maneno ya Msemaji

Nukuu ya moja kwa moja ni maneno ya msemaji yaliyoandikwa kama alivyoyatamka na kuwekwa ndani ya alama za nukuu. Wanasarufi huuita usemi halisi; mwandishi anapoyaeleza kwa maneno yake, huo ni usemi wa taarifa. Katika kata ya Mapera wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, kahawa ndiyo tegemeo la kaya nyingi. Huko kauli moja kuhusu malipo yaweza kumfanya mkulima asubiri kuuza kupitia chama chake cha ushirika, au aiuze ingali shambani kwa mtindo uitwao magoma.

Nukuu ina kazi ya pekee katika Kiswahili. Tuseme habari yasema: Katibu wa chama alimweleza mkulima kuwa amekosea hesabu ya kilo. Nani amekosea? Kiambishi "a" chaweza kumrejelea yeyote kati ya wawili hao. "Nimekosea" au "umekosea" ndani ya alama za nukuu humaliza utata huo. Nukuu hulinda pia kiwango cha ahadi: "tutajitahidi kulipa kabla ya msimu kwisha" si sawa na kuandika kwamba chama kitalipa, ingawa kichwa cha habari hupendelea neno fupi.

Maneno ya kitaalamu ya wenyeji nayo yanastahili ulinzi huo. Mkulima wa Umatengo akisema "ngoro", mhariri asiyeijua milima hiyo hushawishika kuandika "matuta". Ngoro ni mfumo wa vishimo vinavyozungukwa na kingo za udongo uliofunika majani, navyo huhifadhi maji na kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko. Neno likibadilishwa, msemaji huonekana anazungumzia kilimo kingine kabisa.

Hali kadhalika katika Ziwa Nyasa, ambalo Malawi huliita Ziwa Malawi na ambalo mpaka wake umekuwa na mvutano unaorejea Mkataba wa Heligoland wa mwaka 1890. Msemaji kutoka ng'ambo akitumia jina la kwao, mwandishi wa Tanzania hana ruhusa ya kulisahihisha ndani ya nukuu. Jina la Ziwa Nyasa aliweke katika sentensi yake mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi, na isiyozungumzwa vya kutosha, ni tafsiri. Mzee akizungumza Kimatengo, sentensi ya Kiswahili inayochapishwa si maneno yake bali ni ya mkalimani. Uaminifu wadai usemi wa taarifa, au msomaji aelezwe wazi kuwa kauli imetafsiriwa. Kuipamba kwa methali ambayo mzee hakuitamka ni kutunga.

Alama za nukuu hazifuti dhima. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inashughulikia kashfa, na anayechapisha tuhuma za mtu mwingine bado amezichapisha. Mkulima akidai kuwa karani fulani anapunja mizani, mwandishi huthibitisha madai na kumtafuta karani ajibu kabla ya habari kutoka. Kinasa sauti huhifadhiwa pamoja na daftari, na swali lililoulizwa huandikwa pia, kwa kuwa jibu la "ndiyo, tulijua" halina maana bila swali lake.